Isale Juu ya Droo

Sisi tuliokulia ndani ya kazi za wazazi wetu tuna harufu zetu. Nina rafiki aliyekulia kwenye mashine ya kusaga. Akisikia harufu ya pumba za moto anaweza kukusimulia utoto wake wote amesimama hapo hapo. Yangu mimi ni poda ya mtoto iliyochanganyika na mpira uliolowa maji. Juzijuzi nilikuwa nimetoka kumpaka poda mwanangu, mvua imekatika sasa hivi, nikafungua mlango wa gari langu pale nyumbani Levolosi na kuushika mpira wa mlangoni ili nitoe jani lililonasa. Harufu ikanijia nzima nzima. Nikabaki nimeinama nikicheka peke yangu, mpaka jirani akauliza kama mgongo umekaza.

Siku mbili baadaye Shangazi akapiga simu kutoka Makumira.

"Gari limepata mtu," akasema. "Anakuja Jumamosi kulichukua. Njoo ufagie juu."

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Uje na nguo za kazi."

Gari lenyewe ni nyumba. Lilikuja Arusha na mzee wa Kizungu na mkewe, ambao walikuwa wameliendesha nchi baada ya nchi, wakilala humo na kupika humo, hadi injini ikagoma karibu na Usa River. Likavutwa mpaka gereji ya Baba, Ngarenaro, likaziba uchochoro mzima. Spea ilisubiriwa wiki hadi wiki. Mwishowe wale wazee wakachoka, wakapanda ndege kurudi kwao, na wakaafikiana na Baba abaki nalo. Baba alitaka kulikatakata. Lakini Shangazi, ambaye ni dada yake mkubwa na hajawahi kuomba ruhusa yake kwa jambo lolote, aliingia ndani akakuta kioo kirefu, sinki, kochi, na taa kila kona. Akabonyeza kitufe asichokijua. Ubavu mzima wa gari ukaanza kutoka nje, taratibu, ukiguna, pamoja na dirisha lake na kochi lake, mpaka chumba kikawa kikubwa mara mbili. Baba alipiga yowe akidhani gari linapasuka. Shangazi akatokeza kichwa mlangoni.

"Hii ni saluni," akasema.

Wenzangu wa umri wangu mnakumbuka bibi harusi wa vijijini alivyokuwa anateseka. Aliamka alfajiri kwenda mjini kutengenezwa nywele, kisha akarudishwa kwenye pikapu kwa barabara ya vumbi, na akifika kanisani shela na nyusi zina rangi moja. Shangazi alisema sasa saluni itamfuata bibi harusi nyumbani kwao. Baba akafufua injini, Mama akaacha duka la vitenge akaja kuwa mshika chanuo wa pili, na tukaanza kuzunguka mlima. Jumamosi hii Usa River, ijayo Ngaramtoni, nyingine huko magharibi ya Meru, ambako ng'ombe walikuja kujikuna kwenye bampa bibi harusi akiwa ndani anapakwa rangi ya kucha.

Ule ubavu unaotoka tuliuita droo. Nilikuwa darasa la tatu, na droo ilinisumbua akili. Kochi na kioo vilikuwa vinakwenda wapi ikifungwa? Niliamini vitu vinanywea. Siku moja nilimwacha mwanasesere wangu juu ya kochi kwa makusudi, tukafunga, tukasafiri, tukafungua. Akatoka na ukubwa wake ule ule. Nilisikitika sana, maana nilikuwa na mipango ya kuwaingiza watoto wawili watatu wa mtaani kwetu.

Lakini droo ilikuwa na masharti, na yule mama wa Kizungu alikuwa amemfundisha Shangazi masharti hayo kwa mikono na michoro kabla hajaondoka. Ikiwa imetoka, paa lake liko wazi kwa kila kitu: maua ya mjakaranda, majani, vumbi, kinyesi cha ndege, maji ya mvua. Ukiirudisha hivyo hivyo, takataka zote zinasukumwa kwenye mpira unaoziba pembeni, zinaubana ukae wazi, na maji yanapata njia. Kwa hiyo kabla ya kufunga lazima mtu apande ngazi na ufagio laini, afagie juu, afute kwa kitambaa kikavu, apitishe kidole kwenye mpira mzima mwanzo hadi mwisho, kisha aupake poda ya mtoto ili usigandamane. Halafu ukague chini kama kuna matope, na ndani kama kuna kokoto limeingia na viatu vya watu. Kokoto ndilo lilikuwa adui namba moja, kwa sababu lilikwaruza sakafu na kuchana mpira. Shangazi aliyafanya mambo haya kuwa amri. "Juu, pembeni, chini, ndani!" alikuwa akiita, na sisi tunaitikia kwa zamu. Mama ndiye alikuwa wa juu, kwa sababu ni mwepesi. Baba alikuwa wa chini. Mimi wa ndani. Shangazi, mwenye mwili wake na asiyepanda ngazi, alishika ngazi na baadaye akabonyeza kitufe.

Basi mambo yalikwenda vizuri mpaka Mama na Shangazi wakakosana.

Ilitokea kwenye harusi moja Ngaramtoni. Mama alikuwa amemaliza kumfunga bibi harusi nywele, kazi ya saa mbili, akarudi nyuma kuiangalia. Wanawake wamejaa mlangoni wanapiga vigelegele. Shangazi akaingia, akatazama, akamnyang'anya Mama chanuo mkononi na kuanza kuzifumua. Hakusema neno baya. Alisema tu, "Hapana, hapana, hii haikai," kama mtu anayetoa uzi kwenye nguo. Vigelegele vikakatika. Nilimwona Mama akishuka ngazi za mlango akaenda kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nyuma ya gari, ameweka mikono magotini, na nikajua kwamba kitu kimevunjika, ingawa sikujua ni nini.

Kuanzia hapo hawakusemeshana. Kazi ilikuwa inaendelea, maharusi ni wengi, Desemba ndiyo hiyo, kwa hiyo walisemeshana kupitia kwangu. Wanasimama hatua mbili kila mmoja na kichwa cha bibi harusi katikati, na Mama ananiambia, "Mwambie shangazi yako anipe pini." Nami nageuka nasema, "Shangazi, Mama anasema umpe pini." Shangazi anasema, "Mwambie zipo mbele yake." Mwanzoni nilijiona mtu mkubwa. Baada ya wiki mbili nilichoka, nikaanza kufupisha, mpaka nikawa nanyoosha kidole tu.

Jioni moja nilimsikia Mama akimwambia Baba jikoni kwamba Desemba ikiisha yeye anarudi kwenye vitenge vyake. "Na wewe na dada yako mtafute mtu mwingine wa kufumuliwa mbele za watu," alisema. Baba akasema kama Mama anatoka, basi gari nalo litauzwa, maana Shangazi peke yake hawezi, na yeye Baba hawezi kukaa katikati yao mpaka azeeke. Nililala nikilia kimya kimya. Nililililia gari, niseme ukweli, kabla sijawalilia watu.

Ijumaa iliyofuata tulikuwa na kazi juu kidogo ya Makumira. Bibi harusi aliitwa Upendo. Siku hiyo ilikuwa ya kumuaga nyumbani kwao, na kwa kuwa baba yake alikuwa mzee wa kanisa, alitaka shughuli iishe mchana wageni warudi makwao na mwanga. Harusi yenyewe kesho yake. Gauni jeupe la kesho lilishonwa na mama yake Upendo kwa mikono yake, miezi na miezi, na nyumba ilivyojaa watu alituomba tulitundike ndani ya droo lisiguswe na mtoto wala sahani ya pilau. Lilikuwa na mkia mrefu uliokunjwa juu ya kochi. Tulikabidhiwa tuondoke nalo hadi Ngarenaro na kurudi nalo asubuhi.

Mchana ule nilizunguka nyuma ya gari nikamkuta Shangazi akishuka ngazi. Shangazi, kwenye ngazi! Anatweta, na mkoba wake uko begani.

"Nilikuwa naangalia kama Meru imefunga wingu," akaniambia.

Nilitazama mlima. Ulikuwa umefunga wingu zito jeusi, ambalo mtu aliweza kuliona hata akiwa amekaa. Lakini wakubwa wana namna zao, nikaenda zangu kuomba soda.

Saa ya kufungasha ilipofika, mama yake Upendo alikuwa amemshika Mama mkono na kumkalisha mbele ya sahani, akakataa katakata kumwachia. Mama akanipungia: nenda wewe. Mimi! Juu! Niliukimbilia ufagio. Shangazi alikuwa ameshashika ngazi.

"Mama yako yuko wapi?"

"Anakula. Amesema nipande mimi."

"Wewe mdogo. Mwite mama yako apande."

"Ameshikwa, Shangazi. Naweza."

"Kamwite," akasema tena. Lakini ngurumo ikapiga huko mlimani, Baba akapiga honi tufanye haraka, na mimi nikapanda kabla hajanizuia. Niliumia kweli. Nilidhani haniamini, kama alivyokuwa hamwamini Mama na chanuo. Nikaapa kwamba paa lile nitalisafisha mpaka aone haya.

Nikafagia maua ya mjakaranda yaliyogandamana kama uji. Nikafagia majani ya mgrevilea. Kisha kwenye kona ya mbali, karibu na mpira, nikaona jani la isale.

Kwa wasiotoka kwetu niseme hivi. Kule Machame, tulikokuwa tunakwenda kila Krismasi, isale si jani la kawaida. Linapandwa mipakani na makaburini. Mtu aliyekukosea akitaka mwishe, anakuja na isale, au analituma, na ukishalipata huna ujanja, lazima usamehe. Bibi aliniambia hata mtu aliyekuulia ng'ombe akija na isale unamkaribisha ndani. Nilimuuliza je akija mwizi wa kuku. Akasema hasa huyo. Na alinionya kwamba isale la mtu halitupwi, wala halichezewi, wala halichukuliwi na asiyetumiwa.

Lile la juu ya droo lilikuwa bichi, refu, limelazwa sawa, na juu yake kuna kokoto la kulizuia lisipeperuke. Nilielewa mara moja, au nilidhani nimeelewa: Shangazi amemwekea Mama. Nani mwingine? Anajua Mama ndiye anayepanda. Nikatazama chini nikaona utosi wa Shangazi na kitambaa chake, ameshika ngazi, anaangalia pembeni.

Sasa nifanye nini? Ningelichukua mimi, ningeharibu, kwa sababu sikutumiwa mimi. Ningeliacha wazi, upepo wa njiani ungelibeba. Nikafikiri kwa akili zangu zote za darasa la tatu. Kokoto nililitoa, maana kokoto ni adui namba moja na amri ni amri. Jani nikalichomeka vizuri kwenye mpira, ncha ndani, shina nje, lishikwe salama mpaka Ngarenaro, ambako Mama mwenyewe angepanda kufuta asubuhi na kulikuta. Nikapaka poda kulizunguka. Nikajiona mjanja kuliko wote.

"Umemaliza?" Shangazi akauliza nilipofika chini.

"Nimemaliza."

"Hukukuta kitu?"

"Sijaacha takataka hata moja," nikasema, na haukuwa uongo.

Akatazama lundo nililofagia pale chini. Akaligusa kwa ncha ya kiatu, akatafuta tafuta kwenye yale maua. Uso wake ulinyong'onyea kidogo, na mimi nikafikiri anakagua kazi yangu hata baada ya kazi. Kisha akaingia ndani akabonyeza kitufe. Droo ikaguna, ikarudi mahali pake.

Mvua ilitukamata kabla hatujafika barabara ya lami. Mvua ile ya Meru isiyo na mzaha, waipa zinakwenda na huoni kitu. Tulikuwa wanne kiti cha mbele, Mama dirisha la huku, Shangazi karibu na Baba, mimi mpaka wa nchi mbili, nikitabasamu peke yangu gizani mwa ile mvua. Nilikuwa najua siri njema.

Tulipofika gereji mvua ilikuwa imepungua na jua la jioni limechungulia. Shangazi akafungua droo ili gauni lipumue. Akaingia. Kisha tukasikia akisema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake tena, "Yesu wangu."

Maji yalikuwa yamefuata lile jani kama mfereji. Tone baada ya tone, yamebeba vumbi na rangi ya mjakaranda, yakaangukia juu ya kochi, juu ya mkia wa gauni. Palikuwa na doa la kahawia lenye ukubwa wa sahani, na kingo zake zilikuwa bado zinatambaa.

Hapo ndipo Mama na Shangazi waliposemeshana kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu.

"Nani amebonyeza kabla ya kukagua?" Mama akauliza.

"Nani hakupanda kufagia?" Shangazi akajibu. "Kazi yako ni juu. Umemtuma mtoto!"

"Na wewe umesimama chini unafanya nini? Si wewe ndiye mkaguzi? Si wewe ndiye unayejua kila kinachokaa na kisichokaa?"

"Usinirudishie hayo!"

"Nitayarudisha! Mbele za watu ulinifanya kama msichana wa kazi!"

Baba alisimama na spana mkononi akitazama huku na huku. Mafundi wawili wa gereji waliingia chini ya gari jingine ambalo halikuwa na ubovu wowote. Mama akasema hakuna haja ya kungoja Desemba iishe, kesho baada ya harusi, kama itakuwepo harusi, anaondoka. Nikaona gari letu linakatwa vipande. Nikaona Upendo anaolewa na doa. Nilipanda ngazi, nikaingiza vidole kwenye mpira, na nikalivuta lile jani. Lilitoka limepondeka, limejaa poda iliyolowa. Nikashuka nalo nikasimama katikati yao.

"Ni mimi," nikasema. "Nilifagia vyote. Isale sikulitoa."

Nikawanyooshea lile jani.

"Nililikuta limewekwa. Nikajua ni la Shangazi amemwekea Mama. Na isale la mtu halitupwi." Hapo nikaanza kulia, na kuanzia hapo nadhani sikueleweka vizuri.

Shangazi aligeuza uso upande wa ukuta. Baba akatazama jani, akamtazama dada yake, kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeona mlango wa kutokea.

"Mwanangu! Hayo si majani ya ua wa watu? Penye shughuli watu wanafyeka ua, majani yanaruka."

"Ya ua," Shangazi akadakia haraka. "Ni majani ya ua tu. Watoto bwana!"

"Lilikuwa na kokoto juu," nikasema kwa kwikwi.

"Watoto wa pale walikuwa wanarusha mawe mchana kutwa," Shangazi akasema.

Mama alinyoosha mkono akalichukua lile jani. Alilifuta matope kwa upindo wa khanga, taratibu, akalinyoosha kwa dole gumba kutoka kwenye shina hadi ncha. Alilitazama muda mrefu. Mimi nilikuwa namtazama yeye, na nilimwona jinsi mabega yake yalivyoshuka.

"La ua au si la ua," akasema, "isale ni isale, na limenifika mkononi." Kisha, bila kuinua macho: "Wifi, lete sabuni ya mche na ndimu. Jua linatuacha."

Shangazi alikimbia. Sijawahi kumwona akikimbia kabla ya siku hiyo wala baada yake. Wakaweka ule mkia juu ya beseni, mmoja anakamua ndimu, mwingine anasugua kwa ncha za vidole, na wakaanza kubishana kama maji yawe ya moto au ya uvuguvugu, na ubishi ule ulinifurahisha kuliko wimbo, kwa sababu hakuna aliyeniambia nimpelekee mwenzake. Doa lilififia, lakini halikuisha. Basi Mama akaukunja mkia, akakusanya pale penye doa, akashona ua kubwa la kitambaa juu yake, na jingine dogo upande wa pili kusudi liwe na mwenzake.

Asubuhi tulimweleza mama yake Upendo kila kitu. Shangazi ndiye aliyesema, amesimama, mkoba ameushika kwa mikono miwili. Yule mama aligeuza ule mkia, akautazama, akasema kwamba yeye mwenyewe alikuwa anaona gauni lina upungufu fulani nyuma na hakujua ni nini. Mungu ambariki popote alipo. Msimu uliofuata nusu ya maharusi wa Usa River walikuwa wanataka ua nyuma.

Lakini kilichobaki machoni kwangu ni hiki. Upendo alipokaa mbele ya kioo, mlango umejaa wanawake kama kawaida, Shangazi alichukua chanuo, akaligeuza, akampa Mama upande wa mpini.

"Nywele ni za Mama Godi," akawaambia wale wanawake, akimwita Mama kwa jina la kaka yangu, ingawa hawakuuliza. "Mimi nashika pini."

Na akashika pini, saa mbili nzima, akizitoa moja moja kabla hazijaombwa. Gari halikuuzwa. Lilizunguka mlima miaka mingine mingi.

Mimi ndiye niliyebaki na jina. Nyumbani kwetu ukiosha sufuria ukaacha ukoko, umeacha isale. Ukifanya hesabu ukasahau swali la mwisho, umeacha isale. Kaka yangu Godi, ambaye siku ile alikuwa bwenini na hakuona lolote, ndiye aliyeueneza msemo huo kwa bidii kuliko wote. Kwenye harusi yangu mwenyewe Baba alisimama mbele ya wageni akasimulia jinsi nilivyoyaamini majani ya ua. Ukumbi ukacheka, nami nikacheka. Hata mimi nilikuwa nimeshaamini kwamba yalikuwa ya ua.

Mpaka mwaka huu. Mtoto wa mwisho wa Upendo alipata kipaimara, tukaalikwa pale pale juu ya Makumira, nikampeleka Shangazi. Wakati wa kuondoka baba yake Upendo, mzee sana sasa, alitusindikiza na fimbo yake hadi getini, na mimi nikamsifia ua. Ulikuwa wa michongoma, mnene, umeshonana kiasi kwamba kuku hapiti.

"Huu aliupanda marehemu baba yangu," akasema. "Sisi hatujawahi kuwa na ua mwingine."

"Na masale je, Mzee? Hamkuwa nayo hata kidogo?"

"Masale?" Akacheka. "Hapa ukitaka isale uje nalo kwenye mkoba."

Nilimgeukia Shangazi. Alikuwa tayari ameingia kwenye gari na anafunga mkanda. Nikaendesha mpaka kwenye lami. Nilikuwa namwona akishuka ngazi, mkoba begani, akitweta. Nilikuwa nasikia, "Kamwite mama yako apande." Kiatu chake kinatafuta kwenye maua.

"Shangazi," nikasema. "Lilikuwa lako. Na mmenicheka miaka yote hii."

Alitazama nje ya dirisha.

"Punguza mwendo," akasema. "Mbele pana tuta."

Ndivyo tulivyoachana. Sikukasirika sana, nasema kweli. Nilichokuwa nacho ni uchungu mdogo wa kijinga, ule wa mtoto aliyesema kweli akachekwa, na nikajishangaa kwamba mtu mzima mwenye watoto wake anaweza kuubeba mpaka nyumbani na kulala nao.

Haukupita muda akanipigia ile simu ya gari, na Jumamosi nikaenda. Gari limesimama nyuma ya nyumba ya Shangazi, miaka mingi halijatembea, droo iko nje muda wote na kuku wanatagia chini yake. Kijana aliyelinunua anataka kulitumia kuuzia kahawa na maandazi kando ya barabara kuu. Alikuwa ameshaunganisha betri mpya. Mama alikuwepo, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akimweleza yule kijana habari za poda kana kwamba anamkabidhi mtoto mchanga. Shangazi alikuwa ameshika ngazi.

"Panda," akaniambia. "Na usiache isale."

Mama akacheka. Nikapanda, na magoti yalinikumbusha umri wangu. Juu palikuwa na zulia zima la majani yaliyooza, na nikaanza upande wa huku nikisukuma hadi mwisho. Kwenye kona ya mbali, karibu na mpira, palikuwa pamefagiliwa tayari, duara dogo safi. Katikati ya duara kulikuwa na jani refu, bichi, limelazwa sawa, na juu yake kokoto.

Nilikaa chini pale pale juu ya paa. Kutoka pale unauona Meru wote, na siku hiyo haukuwa na wingu hata moja la mtu kusingizia. Mwanamke wa umri ule, mwenye magoti yale, alipandaje? Alipanda saa ngapi, na nani alimshikia ngazi?

"Umemaliza?" sauti ikatoka chini.

"Bado jani moja," nikasema.

"Jani gani?"

"La ua."

Nikasikia akiibana ngazi vizuri zaidi ubavuni mwa gari.

"Basi shuka nalo," Shangazi akasema. "Usije ukaliacha tena kwenye mpira."

Kokoto nikatia mfukoni. Mkono mmoja ulikuwa na ufagio, mwingine nilihitaji kushikia ngazi, kwa hiyo nilishuka na isale nimelibana kwenye meno, mtu mzima mimi, machozi yananitoka. Shangazi hakunitazama. Alipitisha kidole kwenye mpira upande anaoufikia, akaupaka poda na kuinusa, akaingia ndani na kubonyeza kitufe. Droo ikaguna, ikasita, ikaingia yote. Ikaingia kavu.